Gari inazima ikipata moto

Pole sana bro. Kama nimekupata poa, ukitoka Nakuru iko sawa, ukikaribia Mau Summit inazima ghafla, ukingoja nusu saa inawaka kama hakuna kitu ilifanyika. Yangu ilinifanyia hivyo Salgaa, fundi akabadilisha plagi, akabadilisha pampu, pesa ikaisha na bado inazima, kumbe ni sensa ya krenki, ile huambia kompyuta ya gari vile injini inazunguka, kitu kadogo kama kidole gumba!

Usinunue spea bado. Ikizima, kabla ipoe, fungua swichi bila kupiga stata usikilize huko nyuma chini ya kiti, kwa gari nyingi pampu ya petroli hulia zzz kama sekunde mbili hivi, ingawa zingine hulia tu ukipiga stata. Ikinyamaza na yako hulia, cheki pampu na relei yake, ile swichi ndogo huipelekea moto. Ikilia, piga stata ukiangalia mshale wa RPM, ukilala tu kwa sifuri shuku hiyo sensa, fundi aweke skana, ile mashine ya kusoma kodi za makosa, atafute P0335, kodi ya hiyo sensa, ingawa saa zingine haitokei. Koili, ile hupea plagi moto, pia huchoka na joto. Na usiendeshe na tanki karibu tupu, petroli ndio hupoza pampu.

Ikizima kwa mteremko usukani na breki zinakuwa ngumu, so safari ndefu wacha kwanza. Geji ya temperecha ikiwa juu hiyo ni kesi ingine, usifungue rejeta ikiwa moto.