Mkuu, achana na hiyo bima ya mbwa ya pauni 9

Usiichukue. Nimesoma ulichoandika: uko Coventry, Uingereza, mmepata mtoto wa mbwa wa wiki 10, mmepewa bei tatu za bima, pauni 9, 17 na 36 kwa mwezi. Unauliza zinatofautiana nini, na kama chanjo imo. Halafu mwisho kabisa umeandika: "Naona nianze na ya chini, akikua tutahamia nzuri." Hapo ndipo nilipoacha chakula mezani, maana mwaka 2016 na mimi nilisema hivyohivyo.

Mbwa wangu ni Chiku, labrado jike. Mwenzangu kazini, mwenye mbwa watatu, aliniambia bima zote ni mamoja, angalia bei tu. Tovuti ya kulinganisha bei nayo ikaiweka ya bei rahisi juu kabisa: "gharama za daktari hadi pauni 3,000." Nikapiga simu kwenye kampuni hiyo, nikamuuliza kijana aliyepokea mara mbili, magonjwa yote yamo? Akajibu yote. Kweli yote yalikuwemo, ila kila ugonjwa kwa miezi 12 tu! Ugonjwa ukianza, siku zinaanza kuhesabiwa. Ikiisha miezi 12, au zikiisha zile 3,000, chochote kitakachotangulia, ugonjwa huo unatolewa kwenye bima moja kwa moja, na wewe unaendelea kulipa kila mwezi. Yule kijana alilijua hilo, ndiyo kazi yake. Mpaka leo nikimkumbuka damu inanichemka.

Agosti 2023 nilimpeleka Chiku chanjo yake ya mwaka. Katika mazungumzo nikamwambia daktari, siku hizi anakunywa maji sana, labda ni joto. Daktari akaandika kwenye faili. Oktoba Chiku akaanza kukonda huku anakula vizuri, usiku anakojoa ndani. Wakampima damu na mkojo: kisukari. Sindano ya insulini mara 2 kwa siku, kila baada ya saa 12, maisha yake yote. Insulini, vipimo vya sukari, siku alizolazwa, kampuni ililipa vyote bila shida, na mimi nikawa naisifia kwa watu.

Kisukari cha mbwa hupenda sana kushambulia macho. Kiangazi kilichofuata Chiku akapata mtoto wa jicho macho yote mawili, akawa anajigonga kwenye milango ya nyumba aliyokulia. Bingwa wa macho akasema anafaa kupasuliwa, zaidi ya pauni 4,000. Zile 3,000 zilikuwa hazijaisha, nikajua angalau zilizobaki zitasaidia. Mwezi Septemba 2024 nikapeleka madai, nikihesabu kwamba nina mpaka Oktoba. Wakakataa. Walikuwa wameomba faili lote la kliniki, wakaikuta ile sentensi ya maji. Kwao ugonjwa ulianza siku dalili ilipotajwa, siyo siku ulipopewa jina, na mtoto wa jicho wakamhesabu kuwa ni kisukari kilekile. Miezi 12 ilikuwa imeisha Agosti. Nikachukua mkopo, Chiku akapasuliwa, na mkopo bado naulipa.

Utasema ningehamia kwingine. Nilijaribu kampuni nne. Zote zilitaka faili kuanzia siku ya kwanza, na zote zikamkubali Chiku, isipokuwa kisukari, isipokuwa macho, isipokuwa chochote kinachohusiana navyo. Ugonjwa uliokuwepo kabla haulipiwi. Ni mwavuli wenye tundu palepale mvua inapopiga. Kwa hiyo huko "kuhamia nzuri akikua" hakupo, mkuu! Akishaandikwa kitu kwenye faili, hata kuwashwa ngozi au kuchechemea, bima uliyo nayo siku hiyo ndiyo yako.

Chukua ile ambayo karatasi inasema "lifetime", yaani ya maisha yote. Usiichanganye na bima ya maisha ya binadamu, hii ni ya matibabu, ila kiwango chake kinaanza upya kila mwaka unapoihuisha, na ugonjwa wa mwaka jana unaendelea kulipiwa. Nadhani hiyo yako ya 36 ndiyo yenyewe, lakini soma uhakikishe, na uangalie kiwango cha mwaka, maana zipo zenye jina hilo zinazoishia pauni 2,000. Ukiona 36 nzito, ongeza ile pesa unayotanguliza mwenyewe kwa kila ugonjwa, malipo ya mwezi yatashuka. Usishushe aina ya bima. Ukishaingia usikose hata mwezi mmoja, ikikatika unarudi mwanzo na magonjwa yake yote. Itapanda bei kadiri anavyozeeka, na mbwa akifika miaka 8 hivi kampuni nyingi zinakutaka uchangie asilimia ya kila bili. Hilo nalo lipigie hesabu sasa.

Chanjo kwa kawaida hailipiwi na yoyote kati ya hizo, ila usipomchanja akapata ugonjwa ambao chanjo ingeuzuia, madai yatakataliwa.

Na wale watakaokuja kuuliza Mswahili gani anamkatia mbwa bima: huku NHS, yaani huduma ya afya ya serikali, ni ya watu, mbwa hana hospitali ya serikali, na bili inakuja kwa jina lako. Mama yangu Tanga alipoona kwenye video namchoma Chiku sindano aliuliza hiyo sukari kaipata wapi, kwani anakunywa chai? Tulicheka wote, lakini saa 1 jioni ikifika sindano ni lazima.

Kama ulishalipa hiyo ya 9, una siku 14 za kughairi na kurudishiwa pesa. Pia bima mpya kwa kawaida hailipii ugonjwa unaoanza ndani ya siku 14 za mwanzo, kwa hiyo kila siku unayochelewa, huyo mtoto wa mbwa yuko bila bima. Wapigie kesho asubuhi, na jina la utakayeongea naye liandike. Mimi naenda, Chiku ameshakaa mbele ya friji, ndimo insulini yake inamokaa.