Gari Lisilofungwa Usiku: Majibu kwa Wasomaji Kuhusu Betri, Vibaka na Watoto

Shikamoo fundi. Ninaegesha gari ndani ya uzio na geti linafungwa. Mwaka mzima siloki milango kwa sababu niliambiwa kwamba alamu inakula betri. Juzi asubuhi gari limegoma kuwaka. Tatizo ni nini? (Msomaji, Tabata)

Marahaba. Aliyekushauri alikupa nusu ya habari, na nusu iliyobaki ndiyo iliyokulaza. Gari likiwa limezimwa na kutulia, vitu vyote vinavyobaki macho, yaani alamu, saa, kumbukumbu ya redio na kompyuta ya injini, kwa pamoja huvuta kwa kawaida chini ya miliampea 50, ambazo kwa siku nzima hazizidi ampea-saa 1.2 (ampea-saa ndicho kipimo cha umeme unaotunzwa na betri). Betri nzima ya ampea-saa 45, iliyojaa, huvumilia hali hiyo kwa zaidi ya wiki mbili. Linganisha na taa moja ya dari ya wati 8: ikikesha saa 10 imekwisha kunywa karibu ampea-saa 7, sawa na matumizi ya siku tano au sita za gari lililolala.

Magari mengi yanapolokiwa kwa rimoti huzima taa za ndani na kuiruhusu mitambo ilale mapema. Tena mengi, mlango mmoja ukiwa haujabana, hukataa kuloki au hutoa mlio, na hapo ndipo mwenye gari hugundua kosa lake. Wewe usiyeloki umejinyima onyo hilo. Ninashauri uanze na taa ya buti, kwa kuwa ndiyo inayosahaulika zaidi: weka simu ndani ya buti ikirekodi video, lifunge, subiri dakika moja, kisha utazame kama taa ilizimika. Nimewahi kuona betri mbili mpya zikiuawa na swichi ya buti iliyoshika kutu, na mwenye gari akiwalaumu wauzaji wa betri.

Nikipima betri kwa mita, nisome nini? (Msomaji, Morogoro)

Pima asubuhi kabla ya kuwasha gari. Volti 12.6 ni betri iliyojaa, 12.2 ni karibu nusu, na 12.0 ni ya kukimbiziwa chaja. Usiizoeze kukaa chini, kwa sababu betri ya gari ya madini ya risasi inayolala bila chaji hujenga tabaka gumu la chumvi iitwayo salfeti kwenye sahani zake za ndani, na uwezo unaopotea kwa njia hiyo haurudi wote hata ukiichaji usiku kucha.

Mtaani kwetu watu huacha milango wazi makusudi ili kibaka asivunje kioo. Je, ni busara? (Msomaji, Mwanza)

Ninaelewa uchungu wa kununua kioo, lakini siungi mkono. Kibaka wa site mira (vioo vya kutazamia nyuma) na taa hufanya kazi yake nje ya gari, hivyo mlango wazi haumzuii. Unachomfungulia ni redio, swichi za vioo na kontroli boksi, yaani kompyuta ya gari, vitu ambavyo kuvirudisha hugharimu kuliko kioo cha mlango. Kibaya zaidi, wengi wetu huweka kadi ya gari kwenye droo ya dashibodi. Gari likiondoka na kadi yake, umempa mwizi nyenzo ya kumdanganyia mnunuzi. Kadi ikae nyumbani, na ndani ya gari pasionekane begi wala chaja ya simu, maana kioo huvunjwa kwa kile kinachoonekana. Kuchora namba za gari kwenye vioo na taa, kama wanavyofanya wengi Dar es Salaam, kunasaidia kwa sababu kifaa chenye namba ni kigumu kuuzika. Isome pia bima yako kubwa: mikataba ya aina hiyo kwa kawaida humtaka mwenye gari achukue tahadhari ya kutosha, na gari lililoachwa wazi ni mwanzo mbaya wa madai.

Nilibonyeza rimoti, nikaondoka, nikarudi nikakuta gari liko wazi na kompyuta mpakato haipo. (Msomaji, Nairobi)

Pole sana. Wapo wezi wanaotumia kifaa cha kuvuruga mawimbi ya rimoti ili amri ya kuloki isifike. Usiondoke mpaka umeona taa za pembeni zikimulika na umevuta kitasa kwa mkono.

Watoto wangu hupenda kuchezea ndani ya gari lililopaki uani. Je, wanaweza kumaliza betri? (Mama, Tanga)

Mama, wanaweza, kwa kuwasha taa au kuacha mlango wazi, lakini naomba tuiweke betri kando. Gari lililofungwa vioo juani linaweza kupanda joto kwa zaidi ya nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 20, na kushusha kioo kidogo hakupunguzi hatari kiasi cha kutosha. Mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Mtoto anayejifungia ndani akicheza kibaba na kimama huenda asijue kuinua kiloki, na milango ya nyuma yenye kufuli la watoto haifunguki kwa ndani kabisa. Watoto wamekufa hivyo, kwenye magari ya nyumbani kwao, watu wazima wakiwa hatua chache tu. Kwa hiyo loki milango na buti hata mchana, hata uani, na ufunguo uning'inizwe mahali wasipofika. Mtoto akipotea machoni, kimbilia kwanza kwenye gari na kwenye maji, ndipo uulize kwa majirani.

Gari langu ni la kuwasha kwa kubonyeza kitufe. Ufunguo hukaa kwenye msumari mlangoni, karibu na gari. Kuna ubaya? (Msomaji, Mombasa)

Upo. Ufunguo ukiwa karibu mno, baadhi ya magari huendelea kuwasiliana nao na hayalali vizuri, na betri ndogo ya ufunguo nayo huisha. Uweke chumba cha ndani, mita kadhaa kutoka gari lilipo.

Ninasafiri mwezi mzima. Nichomoe betri? (Msomaji, Dodoma)

Ndiyo, chomoa waya wa hasi peke yake, kisha ufunge boneti na kuloki mlango kwa ufunguo wa chuma, kwa kuwa rimoti haitafanya kazi tena. Alamu pia itakuwa imezimika, hivyo gari libaki ndani ya uzio wenye mlinzi. Ikiwa ni Toyota iliyotoka Japani, andika kwanza namba ya siri ya redio kama unayo, kwa sababu redio zake nyingi huandika ERC na kugoma pindi umeme unaporudishwa.