Muulize Fundi: Betri, chaja na jua la Kaskazi

SWALI: Fundi, shikamoo. Nauza mahamri na mbaazi Majengo, na malipo yangu mengi huingia kwa M-Pesa. Betri ya simu niliibadilisha mwaka jana, lakini sasa adhuhuri haifiki. Mume wangu asema naiharibu kwa kuichaji usiku kucha; yeye ataka niiache izime kabisa ndipo niichomeke. Nimsikize?
Mama Mahamri, Majengo

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mpe mumeo salamu. Sheria yake ya kungoja mpaka izime ni ya betri za zamani za nikeli na kadmiamu. Hizi za lithiamu, ambazo Sony walianza kuziuza mwaka 1991, hazitaki hivyo. Kuimaliza kila siku mpaka izime huichosha zaidi kuliko kuichomeka ikiwa na asilimia 30. Wala usiogope kuchajichaji: ukitumia nusu leo na nusu kesho, huo ni mzunguko mmoja tu wa chaji, sawa na kuitumia yote mara moja.

Kuhusu usiku kucha, hapo ana hoja, ila ndogo. Simu ikijaa hujikatia chaji yenyewe. Lakini betri ikikaa saa nyingi kwenye asilimia 100, volti zake ziko juu, na kemikali za ndani huchakaa hata kama simu hujaigusa. Ikiwa imelazwa chini ya mto, ndiyo mbaya, kwa sababu joto halina pa kutokea.

Na joto ndilo ninaloshuku kwako. Simu za wauza chakula zinazofika mezani kwangu Mwembe Tayari nazijua hata kabla ya kuzifungua: kava nene la raba, harufu ya mafuta, na mwenyewe akiri kwamba hushinda imechomekwa kwenye pawabenki kando ya karai. (Vijana wa bodaboda nao huzifunga kwenye usukani, jua juu, chaji chini. Hao hata siwaulizi.) Apple huonya kwamba mazingira yakizidi nyuzi 35, uwezo wa betri waweza kupungua usirudi tena. Mombasa wakati wa Kaskazi, kivulini tu ni kama nyuzi 32. Karibu na jiko je?

Basi iweke upande wa pili wa meza, kivulini, na ukiichaji ivue kava. Ikipata joto sana, ichomoe uiache ipoe yenyewe. Usiitie kwenye friji, itaingia unyevu. Simu nyingine zina mpangilio wa kusimamisha chaji kwenye asilimia 80. Ni mzuri kwa anayekaa ofisini. Wewe unayetoka alfajiri, jaza mia uende kazini.

Betri uliyo nayo sasa haitarudi ilivyokuwa, hiyo ni ya kubadilisha. Tazama pia mgongo wa simu: ukiona umefura, usiubonyeze, usiichaji tena hata dakika moja, ilete kwa fundi ikiwa imezimwa.