Bibi hali tena, awekewe mpira?

Pole sana dada. Umeuliza kama mumng'ang'anie daktari amwekee bibi mpira wa kulishia maana chakula anakataa, mi nafanya kazi kea homu (nyumba ya kutunzia wazee) huku Uingereza na kwa mgonjwa wa dimenshia (ugonjwa wa ubongo wa kupoteza kumbukumbu) aliyefika hatua za mwisho kama bibi huo mpira haumwongezei siku wala hauzuii chakula kuingia mapafuni, hata chama cha madaktari wa wazee Marekani hawaushauri. Mwili ukichoka hivyo njaa nayo inaisha yenyewe (ndugu wengi hapa ndo wanagoma kabisa kuelewa).

Mlisheni kwa mkono. Mkalishe wima, nusu kijiko cha chai, tazama koo lipande kwanza akimeza ndo uongeze, akifumba mdomo au akigeuza uso basi, kashakataa, usimlazimishe. Vya majimaji ndo vinapalia zaidi, kwa hiyo wambie manesi wamwite mtaalamu wa kumeza aseme uji uwe mzito kiasi gani. Akitaka aiskrimu saa nne usiku mpe tu, mambo ya dayati saa hizi ya nini? Na mdomo ukikauka mswaki laini uliochovywa maji unamsaidia kuliko kumkamulia juisi.