Kimbia kwa mwendo wa mchakamchaka

Tanga, Novemba

Mwanangu,

Huku hatujambo, baba yako anakusalimu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umejiandikisha nusu marathon ya Moshi, kilomita 21, mwishoni mwa Februari, na tangu uanze mazoezi huko Bagamoyo hujavuka kilomita 3 bila kusimama ukashika kiuno. Unaniuliza: "Mama, kweli nitafika, au hela nimeitupa?"

Utafika. Una wiki kama 16, zinatosha. Kosa lako nimeliona kwenye muda ulionitumia: dakika 5 na nusu kwa kilomita. Hiyo ni kasi ya mtu aliyezoea, nawe ndiyo kwanza unaanza. Unakumbuka mchakamchaka wa shuleni? Kiongozi anaimba, wengine wanaitikia huku miguu inakwenda. Miaka yote niliyosimamia michezo, mtoto akishindwa kuitikia nilijua tumekwenda mbio mno, tunapunguza. Mwendo ninaoutaka kwako ni huohuo, wa kuimba. Ukitoka dakika 8 kwa kilomita, hata 9, sawa. Wiki za mwanzo kimbia dakika 2, tembea 1, na usimwonee haya mtu yeyote njiani.

Nasisitiza hili kwa sababu pumzi huja upesi. Wiki ya nne au ya tano utajiona mwepesi, utataka kuongeza, na hapo ndipo watu wanapoumia. Moyo na mapafu vinazoea ndani ya wiki chache, ila mifupa na kano huchukua miezi. Mimi yalinikuta nikiwa chuoni. Nilijiona nina pumzi, nikawa nakimbia kila siku kwenye lami na raba zilizokwisha soli. Ugoko wa kulia ukaanza kuuma. Mwanzo maumivu yalitambaa mfupa mzima, yakipoa nikipumzika. Baadaye yakajikusanya mahali pamoja padogo kama shilingi. Nikipabonyeza kwa kidole gumba machozi yananitoka, na usiku panauma nimelala. Mfupa ulikuwa umeanza kupata ufa. Nilikaa zaidi ya miezi miwili bila kukimbia, na mashindano yakanipita. Kwa hiyo maumivu yakikusanyika mahali pamoja hivyo, acha siku hiyohiyo uende hospitali.

Siku 3 za kukimbia kwa wiki zinakutosha, na kila moja ifuatiwe na mapumziko. Mbili ziwe fupi. Ya tatu, Jumamosi, iwe ndefu: anza na kilomita 5, kisha 6, kisha 7, wiki ya nne upungue, halafu uendelee kupanda. Toka Mji Mkongwe mpaka magofu ya Kaole na kurudi ni kama kilomita 10. Siku utakayoimaliza bila kuhema nipigie simu hata kama ni saa kumi na mbili asubuhi. Ukifika 17 au 18, wiki tatu kabla ya mashindano, inatosha. Zile 21 zenyewe zisubiri Moshi. Wiki mbili za mwisho punguza, hata mwili ukikuambia unaweza.

Najua unaupenda ufuo. Nenda maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mgumu ulioloa. Mchanga mkavu unavuta kano ya kisigino, na ufuo una mteremko, mguu mmoja unakaa chini muda wote. Usiufanye njia yako ya kila siku.

Kaskazi imeshaingia na joto litazidi. Hewa ya pwani imejaa unyevu, jasho halikauki, mwili unashindwa kupoa. Ukishaswali alfajiri toka moja kwa moja, usingoje jua. Kunywa maji unapohisi kiu; usijijaze, maji mengi kupita kiasi nayo hudhuru, yanazimua chumvi ya damuni. Ukisikia baridi na vinyweleo kusimama katikati ya joto, au kichwa kikizunguka, kaa kivulini, basi.

Viatu usichukue vya mtumba. Vinaonekana vizima kumbe soli ya ndani imeshakufa. Nunua vipya, vyenye nafasi ya upana wa kidole gumba mbele, kwa sababu mguu huvimba. Na kapime wingi wa damu, mwanangu. Wewe siku zako huwa nzito tangu usichana, na uchovu unaousema huenda si wa mazoezi peke yake.

Umeniandikia pia kwamba utamaliza hata kwa kutambaa, kama John Stephen Akhwari. Naye namheshimu sana: Mexico City 1968 alianguka, goti likaumia, akamaliza wa mwisho. Lakini yule alikuwa mkimbiaji wa miaka mingi, amebeba jina la Tanzania kwenye Olimpiki. Wewe goti likikataa, toka njiani. Mashindano hayo yapo kila mwaka, goti lako ni hilohilo.

Limebaki moja linalonitia wasiwasi: vilima. Bagamoyo ni tambarare, na njia ya Moshi inapanda. Januari chukua siku mbili za likizo uje nyumbani. Tutashuka Muheza, tushike barabara ya Amani. Pale juu ni kama mita 900 kutoka usawa wa bahari, karibu sawa na Moshi. Utapanda kwa hatua fupi, ukitembea panapokaza, nami nitakuja nyuma na bodaboda ya mjomba wako, nimebeba maji. Tukishuka tutakaa pale stendi ya Muheza tumenye machungwa. Niambie tarehe mapema, nimwambie mjomba.

Mama yako