Kabla hujailaumu mashine ya kuchaji

"Bosi, hii mashine inatuibia."

Ilikuwa Jumamosi mchana. Aliyepiga simu ni dereva wetu tunayemwita Afande, kwa kuwa alitumikia jeshi miaka mingi kabla ya kushika usukani wa gari letu la umeme la kukodi. Alikuwa ametoka Jinja na abiria watatu, akasimama kwenye kituo cha kuchaji haraka pembezoni mwa Kampala. Mashine imeandikwa kilowati 50. Yeye kwenye kioo anaona 17, na baada ya dakika chache 14. Saa nzima inakaribia kwisha, abiria wamenuna, na mmoja wao ana ndege ya kuwahi Entebbe.

Nikamuuliza: ulifika hapo na asilimia ngapi, na sasa ziko ngapi? Ulikuja kwa kasi gani? Asubuhi ulichaji wapi? Akajibu kwamba alifika na 22, sasa ni 76. Kasi, mia kasoro kidogo tangu avuke msitu wa Mabira. Asubuhi alichaji hapohapo kwenye mashine ya haraka, kwa sababu usiku umeme ulikatika kwake. Nikamwambia, Afande, mashine haijakuibia. Gari lenyewe ndilo linalokataa, na lina haki ya kukataa. Chomoa, peleka watu Entebbe, asilimia 76 zinakufikisha na kukurudisha.

Aliondoka, na abiria aliwahi. Lakini nilibaki na uchungu, kwa sababu kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nimemkabidhi ufunguo na waya wa kuchajia, nikamwonyesha pa kuchomeka, basi. Sikumfundisha chochote kuhusu kinachoendelea baada ya kuchomeka. Wenzangu wengi mnaoajiri madereva wa magari ya umeme mnafanya vivyo hivyo, na ninyi mnaojiendeshea wenyewe huenda hamkuambiwa lolote na aliyewauzia. Ndiyo maana naandika.

Madereva wengi wanakuja kwetu kutoka kwenye petroli au kwenye boda za umeme, na huko kote hakuna anayengoja. Petroli inamiminwa hadi tangi linajaa kwa kasi ileile. Kwenye boda unafika na betri tupu, unapewa iliyojaa, unaondoka. Kule kungoja kupo, ila kumefichwa ndani ya kabati la kituo, betri zinachajiwa polepole wakati wewe uko barabarani. Ukiingia kwenye gari, kungoja kunakuwa kwako, na ghafla unataka kujua kwa nini leo dakika 40 na jana saa moja na nusu.

Jambo la kwanza la kumwonyesha dereva ni hili: gari la umeme halimiminiwi, linaomba. Kompyuta inayolinda betri inaiambia mashine, mara nyingi ndani ya sekunde moja, naomba kiasi hiki. Ile 50 iliyoandikwa kwenye mashine ni uwezo wake wa juu kabisa. Mashine haijaahidi kukupa 50. Unachopata ni kile kidogo kuliko vyote kati ya uwezo wa mashine, uwezo wa waya, na kile ambacho betri inakubali kwa wakati huo. Kwa hiyo chaji ikisuasua, swali la kujiuliza ni wapi palipobana.

Mara nyingi pamebana kwenye ujazo wa betri. Kila mtu aliyekulia hapa amewahi kujaza jerikeni bombani. Mwanzoni unafungua koki yote. Maji yakikaribia shingo unaipunguza, la sivyo yanaruka na kumwagika. Betri ya lithiamu ni hivyohivyo. Ikiwa chini inapokea kwa nguvu. Ikifika karibu asilimia 80 (kwa magari mengine mapema zaidi) gari linaanza kuomba kidogo kidogo, kwa sababu kulazimisha umeme mwingi kwenye betri inayokaribia kujaa kunaiharibu. Nimeshuhudia mara nyingi: kutoka 20 hadi 80 na kutoka 80 hadi 100 huchukua muda unaokaribiana. Dereva anayeng'ang'ania mia kwenye mashine ya haraka anapoteza muda wake, na anamchelewesha aliye nyuma yake kwenye foleni. Mia, ukiihitaji, ichukulie nyumbani usiku.

Jambo la pili, ambalo ndilo lililomkuta Afande, ni joto. Ukitazama video za magari ya umeme kutoka Norway, utasikia habari za theluji na betri baridi. Ni kweli, betri baridi huchaji polepole, na kuilazimisha chini ya nyuzi sifuri kunaweza kuiua. Kwetu baridi ya namna hiyo haipo. Kabale, kule milimani, alfajiri utaona chaji imepungua kidogo, nayo inapita. Adui wetu ni joto, tena la betri yenyewe zaidi ya la hewa. Kukimbia kunaipasha moto. Kupanda milima na mzigo kunaipasha moto. Kuchaji haraka kunaipasha moto kuliko vyote. Afande alifanya haya yote ndani ya saa chache, akarudi kuomba chaji ya haraka ya pili siku hiyohiyo.

Magari mapya mengi yana maji yanayozunguka kupoza betri. Lakini kati ya magari madogo yaliyotumika yanayoletwa kutoka Japani yapo yanayotegemea hewa tu, na betri ya namna hiyo ikishapata moto haipoi kwa kupumzika robo saa kivulini. Inachukua masaa. Ushauri ninaowapa madereva wangu kwa magari haya ni mmoja: kama unajua utachaji haraka njiani, punguza mwendo nusu saa ya mwisho, fika na asilimia ndogo, chukua zinazokutosha safari iliyobaki, ondoka. Na utazame kipimo cha joto la betri kwenye dashibodi kabla hujachomeka. Kipo pale, sema hakuna anayekiangalia.

Sasa niende nyumbani, maana huko ndiko tunakochaji siku nyingi, na huko ndiko mambo yanakofichika zaidi.

Nchi hii umeme inao. Bwawa la umeme la Bujagali ni megawati 250, na la Karuma lilipokamilika liliongeza 600. Lakini wewe huchaji kutoka Karuma. Unachaji kutoka waya wa mwisho unaoingia chumbani kwako, pengine ulioungwa na fundi aliyedhani utawasha taa nne na pasi. Hesabu yake si ngumu: volti mara ampea ndiyo wati. Waya mdogo wa kuchajia unaochomekwa kwenye soketi ya kawaida ya pini tatu mara nyingi huchukua ampea 10. Kwa volti 240 hiyo ni kilowati 2.4. Gari lenye betri ya kilowati-saa 40 (kilowati-saa moja ndiyo yuniti moja ya mita), ukilitoa asilimia 20 hadi mia, linahitaji 32. Gawanya, unapata zaidi ya masaa 13, na ukiongeza umeme unaopotea njiani kwa joto ni kama 15. Sasa chukua jioni, mtaa mzima unapika, unapiga pasi, unatazama televisheni, na volti kwenye soketi yako zinashuka hadi 200. Ampea hazibadiliki, kwa hiyo kilowati zinabaki 2 tu. Masaa yanakuwa 18. Unaamka asubuhi gari halijajaa, unasema betri imekufa.

Nilinunua kipima volti, nikawapa madereva wapime wenyewe nyumbani kwao saa mbili usiku, kisha saa nane usiku. Hakuna maelezo yangu yaliyofanya kazi kama hicho kifaa. Mmoja aliyekaa Kireka aliona 203 na baadaye 236, nyumba ileile, soketi ileile. Tangu hapo anachomeka akienda kulala, hagombani tena na jiko la jirani. Haba na haba hujaza kibaba, lakini ianze baada ya watu kupika.

Dereva huyohuyo alinifundisha jambo jingine. Siku ya kwanza kupewa gari, kiboksi cha waya wake kiliwaka taa nyekundu na kukataa kabisa. Alikuwa tayari kutafuta waya mwingine, na bei yake si mchezo. Nikamwambia ajaribu kwa jirani. Kwa jirani ukachaji. Fundi alipokuja alikuta waya wa ardhini wa nyumba ile haujaungwa popote, umekatwa na kuachwa ukutani. Kiboksi kinapima hilo kabla ya kuruhusu umeme upite, kwa sababu bila waya wa ardhini hitilafu ikitokea, mwili wa gari unaweza kushika umeme, na atakayegusa mlango ndiye atakayekuwa waya. Nawaomba sana: wapo watakaokuambia wanajua namna ya kukidanganya kiboksi kwa kuunganisha nyaya mbili kwenye soketi. Kataa. Fundi mwenye leseni, chuma kizuri ardhini, waya mzuri, na kazi inaisha siku moja.

Na ekstensheni. Soketi ya redio haikutengenezwa kubeba ampea 10 kwa masaa 15. Ekstensheni iliyoviringishwa kwenye gurudumu lake inajipika yenyewe. Baada ya nusu saa ya kuchaji, shika plagi. Ikiwa vuguvugu ni sawa. Usipoweza kuacha mkono juu yake, zima ukutani kisha chomoa. Tulipoteza soketi moja, nashukuru haikuwa nyumba.

Kuna jambo linalowachanganya hata wenye magari mazuri. Umeme wa nyumbani ni AC, yaani unaogeuza mwelekeo kila mara, betri inakula DC, unaokwenda mwelekeo mmoja tu, na kigeuzi kinachofanya kazi hiyo kimo ndani ya gari. Kigeuzi hicho kina ukomo wake. Kwa magari mengi madogo ya Kijapani ni kilowati 3 au 6. Kwa hiyo ukichomeka kwenye nguzo ya AC iliyoandikwa 22, bado utapata 6 au 3. Usipange foleni kwa ajili ya namba ambayo gari lako haliwezi kuila. Mashine ya haraka yenyewe inatoa DC na kukiruka kigeuzi, ndiyo maana inakwenda kasi.

Mengine nayapitia haraka. Kiyoyozi kikiwashwa wakati wa kuchaji kinakula sehemu ya kinachoingia, na kwenye soketi ya nyumbani unaiona tofauti. Mashine yenye nyaya mbili inaweza kugawa nguvu zake magari mawili yakichomekwa pamoja. Betri iliyozeeka inapata joto upesi na kuomba kidogo mapema. Betri za aina ya LFP (lithiamu yenye chuma na fosfeti), watengenezaji wengi wanashauri zijazwe mia mara kwa mara ili gari lihesabu asilimia vizuri. Aina nyingine hazipendi kulala zimejaa. Soma kitabu cha gari lako. Na mita ya Yaka, ile ya kulipia umeme kabla, itaonyesha yuniti nyingi kuliko zilizoingia kwenye betri, kama 36 kwa zile 32, kwa sababu ya upotevu niliousema. Madereva na wenye magari wanaogawana gharama wasigombane kwa hilo, wakubaliane kusoma mita.

Baada ya Jumamosi ile nilimpa kila dereva daftari. Kila akichaji anaandika: asilimia za kuanzia na kumalizia, saa, ametoka wapi, joto la betri, na kilowati alizoziona mwanzoni. Wiki mbili tu. Mwanzo walilalamika, nami sikuwalaumu, mtu amechoka hataki kuandika. Lakini wiki ya pili wakaanza kubishana wao kwa wao juu ya kurasa, huyu akisema njia ya Entebbe gari halipati moto, mwingine akisema inategemea saa na mzigo. Hapo nikajua wameanza kuona.

Juzi nilipita kituoni nikamkuta Afande na kijana mgeni, si dereva wetu, amesimama kando ya gari lake akiipigapiga mashine kwa kiganja. Inaonyesha 12.

"Kijana, umetoka wapi?" Afande akamuuliza.

"Mbale, mzee."

"Bila kupumzika?"

"Nimechaji haraka Jinja."

Afande akainama dirishani, akatazama dashibodi ya yule kijana, akaniita kwa mkono. Alama ya joto ilikuwa juu, betri asilimia 83.

"Chomoa, twende tunywe chai," akamwambia. "Kwako Kampala ni wapi? Una soketi yenye waya wa ardhini?"