Kabla hujapanda jukwaani na aya ya chuma

Mdogo wangu unayeanza kutoa mihadhara, nimesomesha bayolojia sekondari miaka mingi, na jioni nikikaa na vijana msikitini. Aya za "muujiza wa kisayansi", zinazodaiwa kutaja mapema yale sayansi iliyoyagundua baadaye, nimezihubiri mwenyewe, kisha ikanibidi nirudi nyuma. Nakuomba jambo moja: kabla hujalifunga neno la aya na ugunduzi, litafute limetumikaje kwingine.

Chukua chuma. Surat Al-Hadid, aya ya 25, inasema chuma kimeteremshwa. Nikasimama mbele ya darasa nikasema: chuma huundwa ndani ya nyota, wanasayansi wamelijua juzi tu, Qur'ani ilishasema! Kijana mmoja wa kidato cha tatu, hafidhi, akanyoosha mkono akasoma Az-Zumar aya ya 6. Kitenzi ni kilekile, *anzala*, na kilichoteremshwa ni wanyama wa kufuga. Akaniuliza kwa adabu kabisa: "Ustadhi, na mbuzi je?" Sikuwa na jibu. Baadaye nikakuta Al-A'raf aya ya 26 inasema vivyo hivyo kuhusu mavazi.

Nikafungua vitabu vya tafsiri. Wapo waliosema "tumeteremsha" maana yake tumeumba. Wengine walipokea simulizi kwamba Adam alishuka na fuawe, koleo na nyundo. Habari ya nyota haimo. Hata fizikia nilikuwa nimeikata nusu. Kazi ya wanasayansi akina Burbidge, Fowler na Hoyle ya 1957 ilionyesha kwamba elementi nyingi huundwa nyotani, na humo imo kaboni, imo oksijeni, imo kalisi ya mifupa yako. Chuma hakina upekee huo. Tena chuma kutoka angani watu wa kale walikishika kwa mikono yao: jambia alilozikwa nalo Tutankhamun, zaidi ya miaka 3,300 iliyopita, ni la chuma cha kimondo, kama kile kilichoko Mbozi, Tanzania.

Kwenye mimba ndiko utakakobanwa zaidi. *Alaqa*, neno la hatua ya mimba katika Surat Al-Mu'minun, yaweza kuwa kitu kinachong'ang'ania, damu iliyoganda, au ruba. Tafsiri zetu za Kiswahili zimeshika damu. Leo mhadhiri huchagua ruba kwa kuwa ameshaiona picha ya kiinitete. Hapo picha ndiyo inayoifasiri aya. Na ukisema mifupa hutangulia kisha ikavikwa nyama, jua kwamba gegedu, ambalo ndilo hugeuka mfupa, na misuli huanza kukua kwa wakati mmoja. Daktari yeyote aliyeketi mbele yako analijua hilo. Atakukumbusha pia kwamba Galen, tabibu Mgiriki wa karne ya 2, aliandika hatua nne za mimba karne nyingi kabla ya Qur'ani.

(Wenzetu Wakristo wana Isaya 40:22, "duara ya dunia", wapo wanaoisoma kuwa Biblia ilishajua dunia ni mviringo kama mpira. Sahani nayo ni duara.)

Nalisema hili kwa uchungu. Kijana uliyemjengea imani juu ya nyota atakwenda chuo kikuu, atafungua kitabu cha kwanza, na wewe hutakuwepo kumshika mkono.

Siku hizi aya ya 25 naisoma yote: mitume, Kitabu, na mizani ili watu wasimamishe uadilifu, ndipo kikaja chuma. Darasa la mwisho tulikaa saa nzima kwenye mizani: wauzaji wa sokoni, vipimo vilivyochezewa, haki ya mnunuzi. Adhana ikatukuta hatujafika kwenye chuma.